Rais wa Marekani, Wenye Viwanda, na Kupatana Bei na Mataifa

Katika somo lililopita tulieleza ushuru wa forodha ni nini na kwa nini serikali huutoza. Leo twaingia katika historia. Swali letu ni hili: nchi moja ikitaka kupatana na nchi nyingine juu ya biashara, nani mwenye haki ya kusema neno la mwisho? Tutaitazama Marekani, kwa sababu huko swali hili limegombaniwa karibu miaka mia, na wagombanaji si marais na wabunge peke yao. Nyuma yao wamesimama wenye viwanda, wakulima wakubwa na vyama vya wafanyakazi, na kila kundi lina maoni yake juu ya nani apewe ruhusa ya kupatana.

Kabla ya kwenda mbele, tuchukue mfano wa nyumbani. Mzee mmoja amemtuma mpwa wake mnadani akauze ng'ombe. Mchuuzi anamwuliza, "Kijana, tukipatana nimchukue ng'ombe wangu, au mpaka mjomba wako akubali?" Kijana akijibu kwamba mjomba atalitazama shauri jioni, na huenda akataka nyongeza, basi mchuuzi mwenye akili hataitaja bei yake ya mwisho. Atataja ya chini, na ile nyingine ataiweka mfukoni, ampelekee mjomba. Lakini mjomba naye ana hofu yake. Akimpa kijana ruhusa yote, huenda ng'ombe akaenda kwa bei ya mbuzi.

Katika Marekani, mjomba ni Bunge, ambalo wenyewe huliita Kongresi, nalo lina nyumba mbili: Baraza la Wawakilishi na Seneti. Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787 imelipa Bunge haki ya kutoza ushuru na kuongoza biashara na nchi za nje. Rais naye amepewa kazi ya kusema na mataifa. Mwaona mara moja shida iliyomo. Anayeweza kwenda mnadani hana ng'ombe, na mwenye ng'ombe hawezi kwenda mnadani, maana Bunge lina watu zaidi ya mia tano na huwezi kuwapeleka wote Geneva wakapatane bei ya ngano.

Kwa miaka mingi shida hiyo haikuwasumbua, kwa sababu Wamarekani hawakupatana sana na mtu. Bunge lilikuwa likikaa na kupanga ushuru lenyewe, bidhaa moja moja. Mara ya mwisho lilipofanya hivyo kwa ukamilifu ilikuwa mwaka 1929 na 1930. Wenye viwanda walifuatana mbele ya kamati za Bunge, wa sukari, wa ngozi, wa saa, wa saruji, kila mmoja akieleza jinsi mgeni anavyomwua, na maneno yao yalijaza maelfu ya kurasa. Mbunge wa jimbo la viatu alimpa kura mwenzake wa jimbo la sukari, naye akarudishiwa. Wataalamu wa uchumi 1,028 walitia sahihi barua ya kumsihi Rais Hoover asiikubali sheria ile. Henry Ford, aliyekuwa akiuza magari yake dunia nzima, naye alimwomba aikatae. Hoover akatia sahihi mwezi wa Juni 1930. Kanada na nchi nyingine zikalipiza kisasi kwa kupandisha ushuru wao. Mwaka 1929 Marekani iliuza nje bidhaa za zaidi ya dola bilioni 5, na miaka mitatu baadaye hazikufika bilioni 2. Si haki kusema kwamba ushuru peke yake ulifanya hayo, kwa kuwa dunia yote ilikuwa katika mdororo wa biashara. Lakini wauzaji wa nje walipata somo: Bunge likipanga ushuru peke yake, sauti isikiwayo ni ya mwenye kuogopa bidhaa za kigeni, na mwenye kutafuta soko la kigeni hasikiwi.

Kwa hiyo mwaka 1934, chini ya Rais Roosevelt, ikatungwa sheria mpya. Mtu aliyeipigania ni Cordell Hull, Waziri wa Mambo ya Nje, mwenyeji wa Tennessee, jimbo la wakulima. Sheria hiyo ilimpa Rais ruhusa ya kupatana na nchi moja moja, na kupunguza ushuru mpaka nusu ya kiwango kilichokuwapo, bila kurudi Bungeni. Mapatano ya kwanza yalifanywa na Kuba mwaka huo huo. Karibu wabunge wote wa chama cha Republican waliikataa, wakisema Rais amepewa kisu cha kuvichinja viwanda atakavyo.

Tieni alama hapa katika madaftari yenu: ruhusa hiyo ilikuwa ya miaka mitatu tu. Bunge halikutoa ng'ombe, liliazima kamba. Muda ukiisha, Rais hana budi kurudi kuomba tena. Na kila aliporudi, wenye viwanda walikuwa wamekwisha kufika kabla yake na maombi yao mkononi. Kwa mfano, sheria ya mwaka 1951 ilitia kifungu cha kuponea, yaani kiwanda kikiumizwa na ushuru uliopunguzwa kiliweza kuomba ushuru urudishwe juu.

Sasa tufike miaka ya 1960, ambapo pana mambo mengi ya kujifunza. Nchi sita za Ulaya zilikuwa zimeungana katika soko moja, na Rais Kennedy alitaka kupatana nazo kwa jumla. Aliomba ruhusa kubwa kuliko zote zilizotangulia, kupunguza ushuru kwa nusu, bidhaa nyingi kwa pamoja, kwa miaka mitano. Kikwazo chake cha kwanza kilikuwa wenye viwanda vya nguo za pamba. Hawa walikuwa na nguvu katika majimbo ya kusini, majimbo ya chama cha Kennedy mwenyewe, na kwa miaka mingi walikuwa wapinzani wa mapatano ya namna hii, kwa kuogopa nguo za Japani na Hong Kong.

Kennedy hakubishana nao. Mwezi wa Mei 1961 alitangaza mpango wa kuvisaidia viwanda vya nguo. Mwaka huo huo yakafanywa mapatano ya muda mfupi ya kuweka mipaka kwa nguo za pamba zinazoingia, na mwaka 1962 yakafuata mengine ya muda mrefu. Wenye viwanda vya pamba walipoona ukuta wao umekwisha kujengwa, chama chao kikageuka, na mwaka 1962 kikatangaza kwamba kinaunga mkono Rais apewe ruhusa. Wafanyakazi nao, katika shirikisho lao liitwalo AFL-CIO, waliunga mkono, kwa kuwa sheria iliahidi msaada kwa mtu atakayepoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje. Wakulima na wenye viwanda walidai neno moja zaidi: mjumbe wa kupatana asitoke Wizara ya Mambo ya Nje. Waliwashuku mabalozi, wakisema kwamba balozi hutoa soko la kwao ili anunue urafiki wa ugenini. Ndiyo maana sheria ikaweka mjumbe maalumu wa biashara aliye karibu na Rais, na wa kwanza akawa Christian Herter.

Mimi naona hapo ndipo siri ya jambo lote inapoonekana. Wenye pamba hawakubadili fikra zao juu ya Katiba. Walibadilishiwa hesabu.

Mazungumzo yakafunguliwa Geneva mwaka 1964. Ruhusa ya Rais ilikuwa ikiisha tarehe 30 Juni 1967, na wajumbe wa Ulaya, kama yule mchuuzi wetu, walijua tarehe hiyo vizuri. Ikabaki miezi michache, na mazungumzo yamekwama katika kemikali.

Mkwamo wenyewe ulikuwa huu. Kabla ya vita kuu ya kwanza, rangi za kutia nguo zinazotengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe zilitoka Ujerumani kwa wingi. Vita vilipozuia meli, Wamarekani wakajenga viwanda vyao vya rangi, na vita vilipokwisha wakaogopa kwamba Mjerumani atarudi. Sheria ya mwaka 1922 ikawapa kinga ya ajabu. Ushuru wa rangi ya kigeni haukupigwa juu ya bei yake yenyewe, bali juu ya bei ya rangi ya namna hiyo iliyotengenezwa Marekani. Tufanye hesabu ya mfano. Mjerumani auza rangi yake kwa dola 1 ratili moja. Mmarekani auza kwa dola 2. Ushuru ni 40 kwa mia. Kwa desturi ya forodha, Mjerumani angelipa senti 40. Kwa kanuni hii hulipa 40 kwa mia ya dola 2, yaani senti 80. Na mwenye kiwanda wa Marekani akipandisha bei yake, ushuru wa mshindani wake hupanda pia bila sheria mpya. Baadaye viatu vya raba navyo viliingizwa chini ya kanuni hiyo, na hata kombe wa makopo.

Kanuni hiyo ilitungwa kukilinda kiwanda kichanga. Mwaka 1967 mtoto yule alikuwa na umri wa miaka 45, ndevu zimemjaa, na bado ananyonya. Viwanda vya kemikali vya Marekani vilikuwa vikiuza nje kuliko nchi yao ilivyonunua. Watu wa Ulaya wakasema: hamtapata kitu kikubwa kwetu katika kemikali mpaka kanuni ile iondoke.

Wajumbe wa Marekani walikubali. Lakini hawakuwa na ruhusa. Sheria ya mwaka 1962 iliwaruhusu kupunguza kiwango cha ushuru, haikuwaruhusu kubadili njia ya kuthamini bidhaa. Seneti ilikuwa imekwisha kuwaonya mwaka 1966 kwamba wasiahidi mambo wasiyopewa. Basi mapatano yakagawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la kutimizwa bila sharti. Fungu la pili lilikuwa la kungoja: Bunge la Marekani likiiondoa kanuni ya mwaka 1922, nchi za Ulaya zitapunguza zaidi ushuru wa kemikali, Ufaransa, Italia na Ubelgiji zitarekebisha kodi za barabara zilizoyalemea magari makubwa ya Kimarekani, Uingereza itapunguza upendeleo wa ushuru iliokuwa ikiipa tumbaku ya nchi za Jumuiya ya Madola, na Uswisi itayafungulia mlango matunda ya makopo kutoka Marekani.

Wenye viwanda vya kemikali wakaenda Bungeni. Hoja yao kubwa haikuwa juu ya rangi, ilikuwa juu ya ruhusa. Walisema mjumbe amepatana juu ya kitu ambacho hakutumwa kukiuza, na Bunge likikubali, basi haki yake katika Katiba imekuwa maneno matupu. Kwa sheria walisema kweli, na tuwape haki yao katika hilo. Rais Johnson alipeleka mswada mwaka 1968, haukupita. Rais Nixon akauomba tena mwaka 1969, nao haukupita. Fungu lote la pili likafa.

Sasa tazameni nani aliyepata hasara. Mtengenezaji wa magari hakupata nafuu ya kodi aliyoahidiwa. Mkulima wa tumbaku hakupata soko alilolitazamia. Hawa walikosa kwa sababu kundi moja lilikuwa na nguvu ya kuzuia. Na huko Ulaya wajumbe walijifunza jambo la hatari zaidi: ukipatana na Mmarekani, usitoe bei yako ya mwisho, kwa maana utapatana mara mbili. Wauzaji wa nje wa Marekani waliposikia hivyo ndipo walipoanza kudai kwa nguvu kwamba Rais apewe ruhusa inayoaminika.

Dawa ilipatikana katika sheria ya mwaka 1974, iliyotiwa sahihi na Rais Ford tarehe 3 Januari 1975. Watu waliiita njia ya haraka. Rais hupatana, lakini hulipasha Bunge habari siku 90 kabla ya kutia sahihi. Kisha Bunge hulipigia kura shauri zima, ndiyo au siyo, katika siku zilizowekwa, bila kubadili hata nukta. Mjomba bado anaweza kumkataa mchuuzi, bali hawezi kuomba nyongeza. Watu wengi hukumbuka sehemu hiyo tu. Nyingine ni kwamba sheria iliunda kamati za washauri kutoka viwandani, mashambani na vyama vya wafanyakazi, wazungumze na mjumbe wakati mapatano yanapoendelea. Yaani wenye viwanda walikubali mlango wa Bunge ufungwe nusu, kwa kuwa wamefunguliwa mlango mwingine karibu zaidi na meza.

Matokeo yalionekana mwaka 1979. Mapatano yaliyoanzia Tokyo yalipigiwa kura, 395 kwa 7 katika Baraza la Wawakilishi, na 90 kwa 4 katika Seneti. Ndani yake kanuni ile ya mwaka 1922 iliondolewa. Wenye viwanda vya kemikali hawakupiga kelele kama zamani, maana walikuwa wamehesabiwa viwango vipya vya ushuru vilivyoikaribia kinga waliyokuwa nayo.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Wafanyakazi wa AFL-CIO, waliounga mkono mwaka 1962, waligeuka wapinzani walipoona viwanda vinahama. Ruhusa iliisha mwaka 1994, na mwaka 1998 Baraza la Wawakilishi likaikataa kwa kura 243 dhidi ya 180. Ikarudishwa mwaka 2002, ikaisha 2007. Mwaka 2015 Rais Obama aliipata kwa kura 218 dhidi ya 208, akiungwa mkono na chama kikubwa cha wenye viwanda na shirikisho la wakulima, huku wengi wa chama chake mwenyewe wakiikataa. Hiyo nayo ilikwisha tarehe 1 Julai 2021.

Huenda msikilizaji mmoja anasema, hayo ni ya Wamarekani, yatuhusu nini? Basi tutazame mitumba. Mwaka 2000 Bunge la Marekani lilitunga sheria iitwayo AGOA, ya kuziruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia bila ushuru. Hayakuwa mapatano. Ilikuwa ruhusa ya upande mmoja, na Rais akapewa uwezo wa kuamua nchi ipi inastahili na ipi haistahili. Mashati yaliyoshonwa Athi River yaliingia Marekani kwa mlango huo. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikata shauri kupunguza nguo kuukuu zinazotoka nje mpaka ziishe, ili viwanda vya kwetu vipate pumzi. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu huko Marekani kikapeleka malalamiko kwa ofisi ya mjumbe wa biashara, ofisi ile ile iliyozaliwa na madai ya mwaka 1962. Walisema kazi zipatazo 40,000 za Wamarekani zimo hatarini.

Chama hicho si kikubwa, wala Bunge halikupiga kura hata moja. Kenya ilirudi nyuma mapema. Tanzania, Uganda na Rwanda zikachunguzwa. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kufikia dola 2.50 kwa kilo, ikashikilia shauri lake, na mwezi wa Julai 2018 Rais Trump akaondoa nafuu ya ushuru kwa nguo za Rwanda. Watetezi wa ruhusa ya Rais husema siku zote kwamba huyafungua masoko. Hayo ni kweli. Lakini uwezo ukiwa mkononi mwa mtu mmoja, hata kundi dogo likijua mlango wa kubisha linaweza kuzitikisa nchi nne.

Mwezi wa Julai 2020 Kenya na Marekani zilianza mazungumzo ya mapatano kamili, ili Kenya isiishi kwa ruhusa ya kuazima. Saa ilikuwa ikienda. Ruhusa ya Rais wa Marekani ilikwisha mwaka mmoja baadaye kabla ya kupatana, na mpango uliotangazwa mwezi wa Julai 2022 haukuwa na neno la kupunguza ushuru. AGOA nayo ilifikia mwisho wa muda wake Septemba 2025, ikabidi Bunge liombwe tena. Na mwaka huo huo wa 2025, Rais alipopandisha ushuru kwa bidhaa za karibu dunia nzima kwa kutumia sheria ya dharura ya mwaka 1977, miongoni mwa waliokimbilia mahakamani kudai kwamba haki hiyo ni ya Bunge walikuwamo wafanyabiashara waagizaji wa mali kutoka nje.

Sasa zimeni redio, mzungumze katika vikundi. Swali la kwanza: mwaka 1967, kama mngekuwa wabunge wa jimbo lenye kiwanda cha rangi na mashamba ya tumbaku pamoja, mngepiga kura gani, na mngewaelezaje wale watakaokosa? Swali la pili: katika nchi yetu, serikali ikienda kupatana juu ya biashara, mkulima wa kahawa, fundi cherehani na muuza mitumba kila mmoja abishe mlango upi? Katibu wa kikundi aandike majibu na kuyaleta kwa posta kabla ya somo lijalo, ambalo litahusu bei ya katani. Kwaherini.